Kilo ya Mwisho Dukani ni ya Nani?

Mwezi huu twapenda kuuliza swali dogo ambalo tumelichukua moyoni kwa muda mrefu. Swali lenyewe ni hili: dukani imebaki kilo moja ya sukari, na watu waitakao ni watano. Je, kilo hiyo ni ya nani? Ni ya aliyefika kwanza? Ni ya mwenye fedha nyingi? Ni ya mwenye shida kubwa kuliko wenzake? Au ni ya yule ajuanaye na mwenye duka?

Huenda mtu akasema kwamba hilo ni neno la wachuuzi, wala halimpasi mwalimu kulitwalia kalamu. Sisi twaona sivyo. Wakati wa wingi kila mtu huonekana mwema dukani: mwenye duka huuza, mnunuzi hununua, nao huagana kwa amani. Lakini rafu zikianza kuwa tupu, ndipo tabia ya mtu ijulikanapo, ya auzaye na ya anunuaye pia.

Kwanza tueleze jinsi swali hili lilivyotufikia. Mwishoni mwa mwaka 2023 mvua za El Niño zilinyesha kwa nguvu, zikaharibu uvunaji wa miwa, na viwanda vya sukari vikashindwa kufanya kazi kama desturi. Mwanzoni mwa mwaka 2024 sukari ikaadimika katika Tanzania, bei ikapanda, na katika mwezi wa Januari serikali ikatangaza bei elekezi. Hapa kwetu Shinyanga watu walizunguka duka hata duka, wakijibiwa neno moja tu: hakuna.

Jioni moja tuliingia katika duka ambalo hatutalitaja. Mbele yetu alisimama bibi mmoja mzee, fedha zake zimefungwa katika pindo la khanga. Akaulizia sukari. Mwenye duka akamjibu, "Hakuna, bibi, imekwisha tangu juzi." Bibi akalifunga tena pindo la khanga yake, akatoka. Tulipokaribia sisi, mwenye duka, ambaye mtoto wake twamfundisha, akatazama mlangoni, akainama chini ya meza, akatoa kifurushi kilichofungwa kwa gazeti. Akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, nimekuwekea kilo mbili." Bei aliyoitaja ilikuwa juu ya ile iliyotangazwa, nasi hatukuuliza neno. Tulilipa, tukakitia kifurushi mkobani pamoja na madaftari ya wanafunzi, tukaenda zetu.

Njiani tukampita yule bibi. Tukamwamkia, "Shikamoo, bibi." Akaitika, "Marahaba, mwanangu, wazima huko nyumbani?" Tukasema wazima. Yeye hakujua tulichochukua, sisi tulijua.

Mama yetu, ambaye twakaa naye, alipoiona ile sukari akauliza imetoka wapi. Tukamweleza yote. Hakutugombeza. Lakini usiku ule alikunywa chai yake bila sukari, na alipokwisha kunywa akatusimulia habari ya jiwe lake.

Mwaka 1982 mama alikuwa ameolewa karibuni, naye alikaa mjini Shinyanga. Siku hizo ilipoenea habari kwamba duka fulani limepata sabuni, watu waliondoka majumbani kabla ya jogoo la kwanza kuwika. Lakini si kila mtu aliyeweza kusimama pale tangu alfajiri hata adhuhuri. Huyu ana mtoto mchanga, huyu ana mgonjwa, huyu yampasa kwenda kazini. Basi kila mmoja alileta jiwe lake, akaliweka mahali pake katika mstari, akaenda kutazama shughuli zake. Mwingine aliweka tofali, mwingine kopo bovu, mwingine kandambili iliyokatika. Jua lilipochomoza mstari ulikuwa mrefu, nusu watu na nusu mawe. Na jambo la kustaajabisha ni hili, kwamba watu hawakuyaondoa mawe ya wenzao. Jiwe la mke wa karani na jiwe la mchota maji yalikuwa na haki moja.

Mama alikaa nyuma ya jiwe lake siku tatu kwa ajili ya mche mmoja wa sabuni. Siku ya tatu mlango ulifunguliwa, watu kama ishirini wakauziwa, kisha ukafungwa: zimekwisha. Jioni ile ile sabuni zikaonekana zikiuzwa kichochoroni kwa bei kubwa mara nyingi kuliko ile ya halali. Mama akarudi nyumbani, akafua nguo za mtoto kwa majani ya mpapai. Alipomaliza kutusimulia akasema, "Jiwe langu hakuliiba mtu. Waliniibia kwa mlango wa nyuma." Kisha akaenda kulala, akatuacha na kilo zetu mbili juu ya meza.

Sasa yatupasa kuwa waangalifu, maana ni rahisi kulaumu. Wengi wetu tuliozaliwa baada ya siku zile husikia habari za maduka matupu, tukadhani kwamba chanzo chake chote kilikuwa ni uovu wa watu wachache. Kweli haikuwa nyepesi hivyo. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 serikali ilitwaa mabenki na makampuni makubwa ya biashara ya jumla, na Shirika la Biashara la Taifa likaundwa. Baadaye kazi ya kugawa bidhaa ikawekwa mikononi mwa kampuni za biashara za mikoa, zilizojulikana kwa herufi RTC. Mwaka 1973 iliundwa Tume ya Bei, ikapanga bei za bidhaa nyingi sana kwa nchi nzima. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi vijijini yakafungwa ili maduka ya vijiji yachukue mahali pake. Na mwaka ule ule vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa. Hata serikali ilipoilegeza operesheni ile, wachuuzi wengi walikuwa wamekwisha kuondoka. Nia ilikuwa njema: mkulima wa mbali asinyonywe. Lakini duka si nyumba na rafu tu. Duka ni mtu ajuaye lini chumvi itakwisha, ajuaye nani humwuzia kwa mkopo, ajuaye njia ipi hupitika wakati wa masika. Ukimwondoa huyo, na asipatikane mwingine mwenye ujuzi ule, kufuli na ufunguo havitoshi.

Tena yakaja mambo mengine juu ya hayo. Bei ya mafuta ilipanda katika dunia, kwanza mwaka 1973 na tena mwaka 1979. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, mpaka wa Kenya ukafungwa. Mwezi wa Oktoba mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera, na vita vikala fedha na magari ya nchi. Fedha za kigeni zikawa haba, viwanda vikakosa vipuri na malighafi. Hivyo ndivyo zilivyotoweka dukani sabuni, sukari, mafuta ya kupikia, viberiti, betri za tochi, na khanga. Hata chakula kililetwa kutoka ng'ambo, nao wazee wetu waliula unga wa mahindi ya manjano walioubandika jina la "yanga", kwa ajili ya rangi ya timu ile ya mpira ya Dar es Salaam.

Katika nchi yetu ya pamba palitokea jambo ambalo kila mwalimu angefaa kuwaeleza wanafunzi wake. Mkulima wa Shinyanga alilima pamba, akaiuza, akapata fedha. Alipokwenda dukani na fedha zake hakukuta khanga ya mkewe, wala jembe, wala sabuni. Basi akajiuliza, "Mwaka ujao nilime pamba nyingi ili ninunue nini?" Akalima kidogo, akageukia mahindi, mpunga na ng'ombe wake. Wachumi walioichunguza nchi yetu wakati ule walilieleza jambo hili vizuri: rafu tupu humpunguzia mkulima bidii, na bidii ikipungua nchi hupata fedha kidogo za kigeni, na fedha zikiwa kidogo rafu huzidi kuwa tupu. Twaona basi kwamba duka si mwisho wa kazi tu, ni mwanzo wake pia.

Mwaka 1983 serikali, kwa uongozi wa Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine, ilianza vita juu ya wahujumu uchumi. Sheria maalumu ilitungwa, watu wengi wakakamatwa, na mali iliyofichwa ikatolewa. Wazee husimulia kwamba wengine kwa hofu walizitupa bidhaa zao usiku vichakani na mitaroni. Watu wengi walifurahi, maana walikuwa wamechoka kudanganywa. Lakini kufichua ghala si kulijaza. Kilichofichwa kilipokwisha kutolewa na kuliwa, haja ilikuwa bado. Mwaka 1984 serikali iliruhusu watu wenye fedha zao ng'ambo kuleta bidhaa nchini, na hasa hapo ndipo rafu zilipoanza kujaa tena, ingawa kwa bei ambazo maskini walizitazama kwa mbali.

Tumeyataja hayo ili tupambanue mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Moja ni uhaba, la pili ni dhuluma. Uhaba waweza kuja kwa mvua, kwa vita, au kwa sheria isiyofikiriwa vema. Wala mwenye duka la pembeni hana uwezo wa kuuzuia. Dhuluma ni namna tukigawavyo kile kidogo kilichopo. Kwa hiyo turudi katika kilo yetu ya mwisho, tuwasikilize wote waidaio.

Wa kwanza asema, "Ni yangu, kwa kuwa nimefika mapema." Hii ndiyo haki ya jiwe la mama, nayo ni haki nzuri, kwa sababu haitazami uso wa mtu. Walakini ina kasoro yake. Mkaa karibu hufika kabla ya mkaa mbali. Asiye na kazi humshinda mwenye kazi. Mwanamke atokaye kijijini kwa miguu saa tatu hawezi kushindana na jirani wa duka. Jiwe lilipunguza kasoro hiyo kidogo, halikuiondoa.

Wa pili asema, "Ni yangu, maana nalipa zaidi." Watu wengi humchukia huyu, nasi twamwona mgumu wa moyo. Lakini tusimdharau upesi. Sheria ikiishusha bei chini ya gharama za kukileta kitu, kitu chenyewe hukimbia. Siku zile za shida bidhaa za Tanzania zilivushwa kwa magendo mpaka nchi za jirani, huku maduka yetu yakiwa matupu. Na hata leo twaliona neno hilo katika machimbo madogo ya dhahabu ya Geita. Dhahabu ikitoka, wachuuzi hufika na vibanda vyao vya turubai. Baada ya siku chache utapata soda, nyama, vocha za simu na nguo za kila rangi, na kila kitu kwa bei ya juu. Dhahabu ikikatika, turubai hukunjwa, na palipokuwa na soko hubaki mashimo. Bidhaa hufuata fedha kama inzi afuatavyo asali, na asiyelitambua hilo atatunga sheria nyingi bure. Lakini bei peke yake haina macho. Haitofautishi kati ya mchimbaji aliyepata bahati jana na mjane aliye na mgonjwa nyumbani. Humwona mwenye mfuko mzito tu.

Wa tatu asema, "Ni yangu, maana nina haja kuliko wote." Huyu ndiye ambaye moyo hutamani kumpa. Ikiwa daktari ameagiza mtoto anayeharisha atengenezewe maji ya sukari na chumvi, nani atabisha? Shida ni kwamba haja haina mizani. Kila mtu haja yake ni kubwa machoni pake, na mwenye duka hawezi kufanywa hakimu wa nyumba zote za mtaa. Siku za uhaba kazi hiyo mahali pengi ilipewa mabalozi wa nyumba kumi, ambao waliwajua watu wao. Balozi mwaminifu aliifanya vizuri kuliko mtu mwingine yeyote. Balozi asiye mwaminifu aliwajua ndugu zake kwanza.

Ndipo tufikapo kwa wa nne. Huyu hasemi neno mbele ya watu. Hungoja wengine waondoke, kisha hukohoa kidogo. Haki yake ni kujuana. Msomaji ameshamfahamu: huyo ndiye sisi, jioni ile, na mkoba wetu wa madaftari.

Je, kujuana si haki kabisa? Tumelifikiri swali hili kwa taabu, maana sisi tumelelewa katika kujuana. Mtoto wa Kisukuma hufundishwa kwamba ndugu yake akija, chakula kilichomo ndani ni chake pia. Mtu asiyewatanguliza wa kwao twamwita mchoyo. Mwenye duka yule hakututendea kwa ubaya. Alitaka kumheshimu mwalimu wa mwanawe, na katika moyo wake alikuwa akitoa shukrani. Kama angalituletea sukari ile kutoka jikoni kwake, ingalikuwa zawadi, nasi tungalimshukuru bila haya. Lakini haikutoka jikoni. Ilitoka dukani, mahali ambapo mlango umefunguliwa kwa wote na kibao kimeandikwa kwamba hapa panauzwa. Mtu afunguaye duka amewaambia watu neno kwa njia ya mlango wake: njoo, chochote nilicho nacho waweza kukiulizia. Akisema "hakuna" na kumbe kipo, amevunja neno lile. Penye uzia penyeza rupia, walisema wazee wa pwani. Na jioni ile sisi hatukupenyeza hata rupia, tulipenyeza heshima yetu tu.

Hapa tutofautishe akiba na kuficha, kwa kuwa mwenye kuficha hupenda kujifunika kwa jina la akiba. Methali yatuambia kwamba akiba haiozi, nayo ni kweli. Wazee wetu walijenga maghala ya nafaka, na aliyekuwa na ghala mwaka wa njaa aliwaokoa wengi. Hata baada ya uhaba wa mwaka 2024 sheria ilibadilishwa ili Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula awe na nafasi ya kuweka akiba ya sukari. Lakini tumesoma pia katika kitabu cha Kutoka habari ya mana, kwamba waliokusanya kupita haja ya siku na kuiweka mpaka asubuhi waliikuta imeingia mabuu. Je, methali na Maandiko vyapingana? La. Akiba huwekwa ili itoke wakati wa shida; iliyofichwa huwekwa ili shida izidi. Mwenye akiba huomba njaa isije. Mwenye kuficha huiombea njaa ikawie. Ukitaka kujua ghala la jirani yako ni la namna gani, tazama mlango wake siku ya shida: umefunguka au umefungwa?

Mwaka 2016 sukari ilipoadimika, Rais Magufuli aliamuru maghala yatafutwe yaliyoficha sukari. Hivyo katika kizazi kimoja tumeliona jambo lile lile mara mbili, mwaka 1983 na mwaka 2016, kwamba kila palipo na uhaba twamtafuta mlanguzi mkubwa. Hatusemi asitafutwe. Twasema kwamba mlanguzi mkubwa hawezi kuishi peke yake. Hula kwa mikono ya wadogo wengi: karani aandikaye pungufu, dereva ashushaye magunia usiku, mwenye duka ainamaye chini ya meza, na mnunuzi apokeaye kifurushi cha gazeti bila kuuliza. Kama wanunuzi wote wangaliukataa mlango wa nyuma, ungaliota kutu katika bawaba zake. Sisi huwalaani walanguzi barazani, kisha jioni twapita nyuma. Na sisi waalimu tuna lawama zaidi, kwa sababu asubuhi yake tulisimama mbele ya darasa tukawafundisha watoto somo la uraia.

Basi tulifanya nini? Twaona haya kulieleza, lakini insha ya namna hii isiyo na ungamo ni mahubiri ya mtu mwingine. Siku ya pili tulichukua kilo moja, tukampelekea yule bibi. Tulidhani kwamba kwa hiyo mambo yamekwisha. Alifurahi, akatushika mikono, akatuombea baraka. Kisha akauliza, kama mtu ye yote angaliuliza, "Kumbe ipo, mwanangu? Umeipata duka gani?" Tukanyamaza. Tukisema kweli, twamwaibisha mwenye duka aliyemwambia hakuna. Tukidanganya, tumezidisha uongo wa pili juu ya wa kwanza. Tukasema tu kwamba tuliipata mjini. Bibi akatutazama kidogo, akashukuru tena, akaingia ndani. Ndipo tulipofahamu kwamba zawadi haiwezi kuufuta uongo. Bibi yule hakuhitaji sukari yetu kama alivyohitaji kuambiwa kweli dukani, apate kusimama pale kama mtu kati ya watu, si kama mtu wa kuhurumiwa baadaye.

Tulimwendea mwenye duka, tukamwambia asituwekee tena. Hakukasirika. Alicheka, akasema, "Mwalimu, nikiiweka wazi atakuja mtu mmoja mwenye pikipiki, ataichukua yote kwa dakika moja aende kuiuza machimboni. Heri nimfichie mtu mwema kama wewe." Neno lake halikuwa la upumbavu, nasi twakiri kwamba lilitupa kazi ya kufikiri. Tukamwambia, "Basi iweke wazi, ila uikate. Kila mtu nusu kilo, awe mwalimu au mchoma mkaa. Na ikiisha, sema imekwisha, iwe kweli." Alitikisa kichwa. Lakini gunia jingine lilipomfikia aliandika kwa chaki juu ya ubao mdogo: sukari ipo, nusu kilo kwa kila mtu. Ilikwisha kabla ya adhuhuri. Sisi tulipofika tukitoka shuleni haikuwapo tena, tukarudi mikono mitupu, na chai ya jioni ile tuliinywa kama mama.

Hilo ndilo jibu letu kwa swali tuliloanza nalo, nasi hatulitoi kama sheria bali kama fikira. Kilo ya mwisho kwanza si ya mtu; kwanza ni ya kuonekana. Ikionekana, watu waweza kuigawa kwa zamu, au kwa kuikata vipande, au kwa kumpisha mwenye mgonjwa. Nao watu wakiona kwa macho yao, mara nyingi humpisha. Tumewaona watu katika mstari wakimsogeza mbele mama mwenye mtoto mgongoni, bila kuamriwa na mtu. Lakini hawawezi kumpisha katika kitu kilichofichwa. Atiaye kitu chini ya meza hawaibii watu sukari tu. Awanyima pia nafasi ya kutenda wema.

Leo maduka ya Shinyanga, Kahama na Geita yamejaa bidhaa ambazo wazazi wetu hawakuziota. Yapo maduka ya vyombo, ya simu, ya nguo mpya na za mitumba, na sukari nayo imerudi katika rafu. Kwa hiyo wengine watasema kwamba swali letu limepitwa. Lakini aliyeishi katika nchi ya mvua haba ajua kwamba mwaka mzuri si ahadi. Uhaba utarudi, leo wa sukari, kesho wa mafuta ya gari, kesho kutwa wa dawa katika zahanati, ambako mlango wa nyuma wauma zaidi kuliko wote. Adabu ya siku ile haifundishwi siku ile. Yatupasa kuifundisha sasa, rafu zikiwa zimejaa.

Jiwe la mama limo bado katika fikira zetu. Halikuwa na jina, halikuwa na cheo, wala halikujuana na mtu. Lilikaa mahali lilipowekwa, likingoja mlango wa mbele ufunguliwe. Wasomaji wapenzi, siku ya uhaba itakapotufikia tena, na mtu akituita kwa sauti ndogo upande wa nyuma, Mungu atujalie tubaki katika mstari.